Tusiisingizie Kadari Kazi ya Mikono Yetu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu wa Bilele, nanyi nyote mtusikilizao majumbani na vyuoni katika Bukoba na Muleba, twaziusia nafsi zetu na zenu kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo twazungumzia sababu zinazotajwa pale mtu mwenye ulemavu wa mwili anapofaulu, na pale anaposhindwa.

Tuchukue mfano wa kijana atembeaye kwa magongo. Ameshindwa mtihani wa hesabu, na jirani asema: "Maskini, angefanyaje na miguu ile?" Mwaka wa pili afaulu, na jirani yule yule asema: "Walimu wamemwonea huruma." Tazameni dhuluma iliyomo. Akishindwa, sababu ni miguu. Akifaulu, sababu ni huruma. Juhudi yake haikutajwa popote. Kijana ayasikiaye hayo tangu utotoni mwishowe hujieleza kwayo yeye mwenyewe, akaacha kujaribu.

Mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Julian Rotter, aliandika mwaka 1966 juu ya tofauti baina ya watu waonao kuwa yawapatayo hutokana na matendo yao, na wale waonao kuwa hutokana na bahati au nguvu za wengine. Sisi Waislamu twaamini kadari, lakini twaamini pia kuwa mja ataulizwa juu ya juhudi yake. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Sheria yetu yenyewe hupambanua. Asiyeweza kusimama huswali ameketi. Asiyeweza kuketi huswali amelala ubavu. Lisilowezekana limeondolewa, liwezekanalo limebaki. Bwana Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu. Kwa ajili yake iliteremshwa Sura Abasa, kumwonya Mtume alipomgeuzia uso. Sahaba huyo akawa mwadhini, na Mtume aliposafiri alimwachia kuswalisha watu wa Madina. Hakupewa kazi hiyo kwa huruma, aliiweza.

Lakini tujihadhari tusiende upande wa pili, tukamwambia kila aliyeshindwa kwamba hakujitahidi. Iwapo kijana yule hufika darasani somo limekwisha kwa kuwa mvua imeharibu njia ya mlimani, au mlango wa darasa una ngazi tupu, kosa si la miguu yake wala si la uvivu wake. Ngazi zilijengwa na watu, na watu waweza kujenga njia ya mteremko kando yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Anayewafungia mlango kisha akasema "ndivyo Mungu alivyopanga" amemsingizia Mola wake.

Ipo na sababu ya uongo iliyo mbaya kuliko zote: kudhani kuwa mafanikio hupatikana katika kiungo cha mwenzako. Mwezi Mei 2024, wilayani Muleba, mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mzazi wake, na mwezi Juni akapatikana ameuawa. Hiyo ni shirki na ni damu ya haramu. Ajuaye njama ya namna hiyo akanyamaza, ni mshirika.

Enyi wazazi, msimfiche mtoto ndani. Mpelekeni shule na chuoni; akifaulu mwambieni: "Umejitahidi, na Mungu amekubariki." Akishindwa, keti naye mpambanue: lipi ni la mwili, lipi ni la uzembe, lipi ni letu sisi tuliomzunguka. Enyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu wala msimfanyie kazi aiwezayo. Nanyi wenye ulemavu, mshukuruni Mungu kwa mlichokipata bila kukidharau, na dhuluma mdaini haki yenu bila haya.

Ewe Mola wetu, tupe macho ya kuona juhudi za wenzetu, na mikono ya kuondoa vikwazo tulivyowawekea. Amin.