Waiyaki wa Hinga na Mkataba wa Dagoretti
Uchambuzi huu unamhusu Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, ambaye barabara yenye jina lake haiko mbali na mtaa wa Kawangware, Nairobi. Mwaka 1890, huko Dagoretti, alichanjiana, yaani alifanya mkataba wa udugu wa damu, na Lugard wa kampuni ya Waingereza, lakini watu wa kampuni walipopora mazao, uhasama ulizuka, naye akakamatwa mwaka 1892, akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Kwa upande mmoja huenziwa kama shahidi, na simulizi kwamba alizikwa hai imevuma kuliko ushahidi wake. Kwa upande wa pili hulaumiwa kwa kuwaruhusu wageni kujenga ngome. Kwa mkazi wa Laini Saba, Kibera, asiye na hatimiliki, yaani cheti cha kumiliki ardhi, swali ni la leo: je, mkataba ukivunjwa, alaumiwe aliyeuamini?