Kijiti Chenye Panda: Mtu Anavyoingia Katika Kutetea Kilimo

Wababa, wamama, na ninyi vijana mliotoka Nyabiondo, Kitchanga, Pinga na Walikale, nimeombwa niseme jinsi mtu anavyoingia katika kazi ya kutetea kilimo. Wengi hudhani mlango ni diploma, au ajira katika shirika. Mimi niliingilia kwenye migomba ya mama yangu.

Mnyauko wa migomba ulionekana Kongo kwa mara ya kwanza hapa hapa Masisi, mwaka 2001. Nilikuwa mtoto. Majani yaligeuka manjano na mvua inanyesha, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, na mama alipozipasua, ndani zilikuwa na rangi ya kutu. Akikata shina, ute wa manjano ulitoka polepole kama usaha. Wengine walisema ni sumu, wengine uchawi, na majirani wawili wakaacha kusalimiana. Kumbe tulikuwa tukiueneza wenyewe: panga lililokata mgomba mgonjwa asubuhi ndilo lililoazimwa jioni kwa jirani.

Ugonjwa huo hauna dawa ya kunyunyiza. Agronomu alipokuja, alitufundisha kuvunja lile ua dume linaloning'inia chini ya mkungu, maana wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Tulivunje kwa kijiti chenye panda, tusiliguse kwa chuma. Panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa javeli kabla ya kugusa mgomba mwingine. Shina lililougua likatwe chini kabisa, mengine yaachwe. Mama alifanya yote. Msimu uliofuata ugonjwa ukarudi, ukitokea shamba la jirani.

Akanituma: nenda kwa shangazi yako, mwambie na yeye avunje maua. Nikaenda nyumba kwa nyumba, kijiti mkononi. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya hadi leo. Hata ukijua kila kitu, shamba lako litakufa jirani asipokubali, na jirani hashawishiki kwa hotuba. Anataka kuona mkungu mzima, aushike.

Nyumba moja nilijibiwa neno ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Yule mama aliniambia, «Mwanangu, mimi sina mgomba hata mmoja.» Alilima maharagi na viazi pembeni mwa malisho ya mwenye ng'ombe, kwa sharti la kupanda mazao ya msimu tu. Mgomba hukaa miaka, na anayeupanda huonekana anadai ardhi.

Ukilifuata jibu lake unafika mbali. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walihamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, kwenye ardhi iliyokuwa chini ya machifu wa Wahunde. Sheria ya Julai 1973 ikafanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na ikaahidi kwamba ardhi ya kimila itawekewa utaratibu kwa amri ya rais. Amri hiyo haikutoka. Waliojua njia ya ofisini wakapata hati, na milima mizima ikawa malisho. Machi 1993 damu ikamwagika sokoni Ntoto, Walikale, na moto ukafika Masisi. Ardhi haikuwa sababu pekee. Lakini anayetetea kilimo bila kuuliza nani ana haki ya kupanda mgomba, mimi simwelewi.

Ndugu wa Walikale, kwenu ardhi ipo, na mchikichi, mpunga na muhogo vinakubali. Lakini vijana waliingia kwenye mashimo ya madini Bisie, na ndege zikawa zinatua juu ya barabara pale Kilambo kuchukua kasiteriti, huku chakula kikiletwa kutoka Goma. Tafadhali tusiwalaumu. Shimo humlipa kijana haraka. Gunia la mpunga linasubiri miezi shambani, halafu linakutana na tope, chukudu ya mbao iliyovunjika, na bariyeri baada ya bariyeri za kutoza pesa.

Kwa hiyo nilianza kuandika. Daftari la shule, kalamu moja: tarehe, mahali, zao, kiasi kilichotozwa, risiti ipo au hakuna. Hata ile kodi ya wenye bunduki iitwayo «lala salama», inayokusanywa vijijini, niliiandika. Majina ya wenye bunduki sikuyaandika, na ninyi msiyaandike. Daftari likikamatwa, anayeumia ni mkulima aliyewasimulia. Ahadi za wakubwa zipo: huko Maputo mwaka 2003 viongozi wa Afrika waliahidi kilimo asilimia 10 ya bajeti, na nchi yetu ina sheria ya kilimo ya Desemba 2011. Maneno hayo ni mazuri. Ila nikiingia ofisini nayo peke yake nasikilizwa kwa adabu, kisha naagwa. Nikifungua daftari, naulizwa: bariyeri ya wapi hiyo?

Najua wengine hapa mlikimbia vita mwaka 2025, Sake na Masisi Januari, Walikale Machi, na mbegu mkazila njiani. Hasara hiyo nayo ni ya kuandikwa, kwa kilo.

Alasiri hii kila mmoja achague hasara moja tu iliyompata shambani kwake. Aandike kijiji, msimu, kiasi, na nani mwenye uwezo wa kuiondoa: jirani, mwami, au mkuu wa teritwari. Tutaanza kuwasikiliza wa Walikale, maana safari yao ya kurudi ni ndefu.