Mai: Maji, Mwezi na Bunduki

Wasikilizaji wetu wa Uvira mjini, wa bonde la Ruzizi, na ninyi mlio juu milimani kule Rurambo, leo nataka tuongee juu ya neno moja fupi, ambalo kila mmoja wetu amelitamka tangu asubuhi. Neno lenyewe ni mai.

Wengi wetu tunasema mayi. Waliosoma Kiswahili cha vitabu, au waliokaa Kigoma, wanasema maji. Mfuliiru nyumbani kwake anasema amiiji. Mnyamulenge anasema amazi, na Mrundi vilevile. Askari aliyeletwa kutoka Kinshasa anasema mai kwa Lingala, na Muluba wa Kasai anasema mayi kama sisi. Maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Kule Rurambo, ambako lugha hizi zinakutana kwenye chemchemi moja, lolote kati yake likitajwa na mgeni mlangoni, mwenye nyumba anaelewa kwamba mtu ana kiu.

Ukivuka mipaka, mambo yanageuka. Mkikuyu wa Kenya huita maji maaĩ, kwa kuvuta sauti. Ukiikata fupi, unataja kitu cha chooni. Waganda nao hutenganisha vitu hivyohivyo viwili kwa kukaza herufi moja tu: amazzi yenye z nzito ndiyo ya kunywa, na amazi yenye z nyepesi ni kinyesi. Mrundi anayefika Kampala na kuomba amazi kwa lugha ya mama yake anaweza kutazamwa vibaya, na hana kosa lolote. Zimbabwe, kwa Washona, mai ni mama, na mwanamke aliyeolewa hutajwa kwa heshima kwa kuanza na neno hilo. Kwa Wahausa wa Nigeria na Niger, mai ni mafuta, na tena ni mwenye kitu, mwenye mali. Mwitalia akisema mai anasema kamwe. Kwa Mvietnam, mai ni kesho.

Nimewapitia hao haraka, kwa sababu neno hili limebeba mzigo mkubwa zaidi hapa kwetu.

Anzeni na Kifaransa, lugha ya shule na ya karatasi zetu za serikali. Kwa Kifaransa, herufi hizo tatu ni mwezi wa tano. Ndiyo sababu wanaoandika habari za vita vyetu kwa Kifaransa huweka vinukta viwili juu ya herufi i wanapoandika jina la makundi yenye silaha, Maï-Maï. Bila vinukta hivyo, Mfaransa angesoma Mei-Mei. Mimi vinukta hivyo vimenifikirisha sana, maana historia ya mji wetu haikuvijali. Katika mwezi wa tano wa mwaka 1964, mai ya Wafaransa, Uvira iliangukia mikononi mwa wapiganaji wa Simba waliokuwa wakipaza sauti wakisema Mai Mulele. Wazee wetu wachache waliobaki bado wanaikumbuka sauti hiyo. Pierre Mulele mwenyewe alikuwa mbali, akiongoza uasi huko Kwilu, upande wa magharibi wa nchi. Huku kwetu kiongozi wao alikuwa Gaston Soumialot, na katika Wafuliiru alikuwa Musa Marandura. Lakini jina la Mulele ndilo lililofungwa pamoja na maji, na vijana wakaamini kwamba aliyenyunyiziwa dawa, akatamka maneno hayo mawili, risasi ingemfikia ikiwa maji tu.

Imani hiyo haikuwa ngeni katika nchi hizi. Mwaka 1905, ng'ambo ya ziwa na mbali zaidi, katika milima ya Wamatumbi kusini mwa Tanzania ya leo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani. Wajerumani walimnyonga mwaka huohuo, na vita vya Majimaji vikaendelea hadi 1907. Njaa iliyofuata, baada ya mashamba kuchomwa, iliua watu wengi kuliko bunduki.

Naomba hapa mnisikilize vizuri. Maji hayo yalikuwa na masharti. Watu wengi husimulia habari ya risasi kugeuka maji, wakacheka au wakalia, na masharti wanayasahau. Aliyepokea dawa ya Simba alikatazwa kuiba, akakatazwa kumgusa mwanamke, akakatazwa kugeuka nyuma vitani. Akivunja mwiko, dawa ilikufa. Makundi yaliyojiita Mai-Mai katika miaka ya 1990 huku Kivu yalirithi miiko ya namna hiyo. Mtu anaweza kuamini dawa au asiamini, lakini sharti lenyewe lilikuwa wazi: anayebeba jina la maji hanyang'anyi mali ya mwenye kijiji.

Baadaye jina likapanda hadi kwenye meza za wakubwa. Mkataba uliotiwa saini Pretoria tarehe 17 Disemba 2002, ule uliofungua serikali ya mpito, una Mai-Mai kama upande mmojawapo, pamoja na serikali, vyama vya siasa, raia na makundi ya waasi. Maji yakapata viti Kinshasa. Huku milimani, jina likabaki kwa yeyote anayetaka kulichukua.

Leo mtoto wa Rurambo anayesikia mai-mai hafikirii chemchemi. Anafikiria kukimbia, nyumba zilizoungua, ng'ombe waliopelekwa wasirudi. Mtoto wa nyumba nyingine, mwendo mfupi tu kutoka hapo, anasikia neno hilohilo na kuwaza kaka yake aliyekwenda kulinda kijiji. Na majina ya makundi ya upande wa pili, wa Wanyamulenge, yana shida hiyohiyo. Twirwaneho kwa Kinyamulenge ni tujitetee wenyewe. Gumino ni tukae papa hapa. Anayelitamka mojawapo la majina hayo anasikia ulinzi. Jirani yake anayesikia likitamkwa anafunga mlango. Hata Wazalendo, neno safi la Kiswahili la kumtaja mtu anayeipenda nchi yake, limeingia katika safu hiyo ya majina ya wenye silaha miaka hii ya karibuni.

Sasa nasema la moyoni. Neno hili moja limekuwa pazia. Ng'ombe wakichukuliwa, tunasikia: ni Mai-Mai. Mama akivamiwa akitoka sokoni, tunasikia: ni Mai-Mai. Ni kundi gani? La nani? Lililotoka wapi? Jina linaloenea kwa wote halimshiki mtu yeyote, na yule aliyefanya jambo anatembea mjini bila wasiwasi, huku lawama ikimwangukia kila Mfuliiru, kila Mvira, kila Mbembe, kila Mnyindu. Upande mwingine ni hivyohivyo: kosa la mwenye bunduki mmoja wa Twirwaneho linabandikwa kwa kila Mnyamulenge, hata mzee aliyeketi na fimbo yake ya kuchungia. Sisi wa redio tuna sehemu kubwa katika jambo hilo. Neno fupi ni rahisi kulisoma saa ya habari, nasi tumelitumia kupita kiasi.

Na maji yenyewe, yale ya kunywa, yanakosa nafasi. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika hapa Uvira, ukabeba nyumba na kuua makumi ya watu. Ziwa nalo likapanda hadi ndani ya nyumba za watu ufukweni. Kipindupindu hakijauacha mji huu kwa miaka mingi, maana robine ikikauka mama hana jingine, anachukua bidoni na kwenda kuteka ziwani. Hizo ni habari za mayi kwa maana yake ya kwanza, na kwa mtu anayeishi hapa ni habari za kufa na kupona. Mara ngapi zimetangulia mbele ya bunduki katika taarifa zetu?

Kwa hiyo, katika kipindi hiki, kuanzia leo, nitakaposema mayi nitakuwa nasema juu ya chemchemi, mto, ziwa na robine. Mwenye silaha nitamtaja kwa jina la kundi lake na la mkuu wake, likithibitishwa. Lisipothibitishwa nitasema watu wenye silaha ambao hawajatambuliwa, hata kama sentensi itakuwa ndefu. Na ninyi mnaotupigia simu kutoka Rurambo, nawaomba neno moja: mkiwa hamjui waliokuja ni nani, semeni hamjui. Tutaitangaza habari yenu hivyohivyo.