Petroli au Dizeli? Tupige Hesabu Kabla ya Kununua Gari la Familia

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa ili vikundi ambavyo havikuwako viyasome na kuyajadili.



Nimeombwa nizungumze juu ya magari. Pengine mtu atasema, "Sisi ni watu wa mbuzi na ng'ombe wa maziwa. Magari yanatuhusu nini?" Lakini tazameni vikundi vyetu. Mwalimu anataka gari. Mwenye duka anataka gari. Vijana walio mjini wanachanga ili baba na mama wapate gari la kuwafikisha hospitali. Na kwa sababu ya matope yetu, wengi wanataka yale magari makubwa ya juu, yanayobeba watu saba na kupanda mlima bila wasiwasi.

Halafu wanakuja kwa kikundi kuomba mkopo, na mimi na wewe tunatia sahihi kuwa wadhamini. Mwenye gari akishindwa kulipa, ni akiba yako na ng'ombe wangu watakaolipa. Kwa hivyo jambo hili ni letu sote, hata sisi tunaotembea kwa miguu.

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: anunue gari la petroli au la dizeli? Wengine hujibu haraka, "Dizeli, maana inakula kidogo." Ngojeni kwanza. Ni kweli inakula kidogo, lakini huo si ukweli wote.

TOFAUTI YAKE NI NINI?

Katika injini ya petroli, mafuta na hewa huchanganyika, hubanwa, kisha plagi hutoa cheche na moto huwaka. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa peke yake hubanwa sana mpaka inakuwa moto kabisa. Dizeli ikinyunyizwa ndani na nozeli, inawaka yenyewe. Mtu akitaka kuelewa, ashike pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi. Kule chini ina joto, si ndiyo? Hewa ikibanwa hupata moto. Mjerumani Rudolf Diesel alitumia jambo hilo hilo, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilipimwa mwaka 1897.

Injini ya petroli hubana hewa karibu mara 10. Ya dizeli huibana mara 15 hadi 20. Kutokana na hapo, mambo manne hufuata:

1. Injini ya dizeli lazima iwe nzito na imara, kwa hivyo bei yake ni ya juu. Ikitunzwa, hudumu sana.

2. Huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Ukiwa na mzigo mlimani, huhitaji kukanyaga sana.

3. Hutumia mafuta machache kwa mwendo ule ule, mara nyingi pungufu kwa robo hivi.

4. Pampu na nozeli zake zimetengenezwa kwa vipimo vidogo mno. Haziwezi kuvumilia maji wala uchafu, na kuzibadilisha ni ghali.

TUPIGE HESABU

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni kalamu. Hii ni mifano tu. Mkifika nyumbani mtaweka bei zenu.

Tuseme gari la petroli linakwenda kilomita 10 kwa lita moja, na la dizeli la ukubwa huo huo linakwenda kilomita 12 na nusu. Tuseme kila lita ni shilingi 180, yoyote ile. Na tuseme la dizeli linauzwa shilingi 400,000 zaidi.

Familia ya kwanza huenda sokoni, kanisani, na hospitali mara moja moja. Kwa mwaka wanatembea kilomita 10,000. Petroli watatumia lita 1,000. Dizeli wangetumia lita 800. Wanaokoa lita 200, yaani shilingi 36,000 kwa mwaka. Ili warudishe zile 400,000 walizoongeza, watangoja zaidi ya miaka 11! Na hapo hatujahesabu sevisi.

Familia ya pili hupeleka mboga mjini kila siku. Kwa mwaka ni kilomita 30,000. Hao wataokoa lita 600, ambazo ni shilingi 108,000. Kwa miaka minne hivi pesa yao imerudi, na baada ya hapo ni faida, kama injini bado ni nzima.

Mmeona? Gari ni lile lile na mafuta ni yale yale, lakini majibu ni mawili. Kwa hivyo mtu akija kuomba mkopo, swali la kwanza lisiwe "gari gani?" Liwe "utatembea kilomita ngapi kwa mwaka?" Kama hajui, arudi nyumbani akahesabu.

Bei za mafuta msikisie. Mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Angalieni tofauti kati ya petroli na dizeli mjini kwenu, kisha mrudie hesabu hii.

KODI NA BEI YA KUNUNUA

Magari mengi tunayonunua hutoka Japani, yametumika, na hushushwa Mombasa. Sheria yetu inataka yawe na usukani wa kulia na yasizidi miaka minane. Japani yenyewe iliweka sheria kali juu ya moshi wa dizeli, na watu wengi kule wakaacha magari ya nyumbani ya dizeli. Kwa hivyo yale ya petroli ndiyo mengi, na ya dizeli, kwa kuwa ni machache na yanatafutwa, hushikilia bei ya juu. Jambo hili lina uzuri wake pia: siku ya kuuza, la dizeli lililotunzwa hupata mnunuzi upesi.

Kuna kodi pia. Kufuatia Sheria ya Fedha ya 2019, injini ya dizeli inayozidi sisi 2,500 iliwekwa katika kiwango cha ushuru wa bidhaa cha asilimia 35. Kwa petroli, kiwango hicho huanza inapozidi sisi 3,000. Chukueni Toyota Prado: ya petroli ina sisi 2,700 na ya dizeli ina 2,800. Zinakaribiana kwa macho, lakini kwa kodi ziko mbali. Kodi hubadilishwa na bajeti, kwa hivyo ulizeni KRA kabla hamjatuma hata senti moja.

BARABARA, MAFUTA, NA FUNDI

Magari ya kisasa ya dizeli yana chujio la masizi kwenye ekzosi. Masizi hukusanyika humo na yanahitaji joto la safari ndefu ili yaungue. Gari linaloenda kilomita tatu hadi sokoni na kurudi halipati joto hilo. Chujio huziba, taa huwaka, injini hukosa nguvu, na bili ya garaji inafika. Mtu wa safari fupi fupi asidanganywe: dizeli ya kisasa si yake.

Halafu kuna uchafu. Wafanyabiashara wengine huchanganya dizeli na mafuta ya taa. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kupunguza ujanja huo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, nayo pampu hulainishwa na mafuta yale yale yanayopita ndani yake. Kwa hivyo nunua kwa kituo unachokiamini, weka risiti, na usinunue kwa mitungi kando ya barabara. Chujio la dizeli libadilishwe kwa wakati, na maji yanayokaa chini yake yamwagwe.

Fundi naye ni nani? Fundi wa petroli hapa kwetu hakosekani. Wa pampu ya dizeli ya kisasa mara nyingi yuko mjini, na anahitaji mashine ya kupimia. Nendeni mkamwone kabla ya kununua.

Mwisho wa sehemu hii, dereva ajue la kufanya mafuta yakikosewa. Petroli ikitiwa kwenye gari la dizeli, asiwashe injini hata kidogo. Lisukumwe kando, aitwe fundi, tangi limwagwe. Akiwasha, ile petroli itakausha pampu na hasara itakuwa mara nyingi zaidi.

AFYA YA NYUMBANI

Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa petroli nao una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua watu ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa hivyo usipashe injini moto karibu na dirisha la jikoni au mahali watoto wanapolala. Na petroli isiwekwe nyumbani kwenye mitungi, maana mvuke wake hushika moto upesi kuliko dizeli.

UKIENDA KUTAZAMA GARI

Enda asubuhi, na umwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Kama ina joto, uliza kwa nini. Likiwashwa, tazama moshi. Moshi wa buluu maana yake ni oili inaungua. Mweusi mzito, mara nyingi nozeli au hewa ina kasoro. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni dalili mbaya. Achana nalo mpaka fundi wako alione. Daftari la sevisi lisipokuwako, punguza bei au ondoka.

TUAMUE VIPI?

Maoni yangu ni haya. Familia ya safari fupi na mizigo midogo, inunue petroli, na ikiwezekana yenye injini ndogo. Familia ya safari ndefu, mizigo na milima, yenye fundi mzuri na akiba ya matengenezo, inaweza kununua dizeli. Asiye na akiba ya matengenezo asinunue yoyote kwa sasa. Gari lililolala uani kwa kukosa pampu halipeleki mgonjwa, na mkopo wake haulali.

Na msione haya kuuliza kama gari la juu linahitajika kweli. Kama matope ni ya miezi miwili kwa mwaka, pengine gari dogo la kawaida, pamoja na kukodi wakati wa mvua, litaiachia familia karo ya shule.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani ana gari, na hutembea kilomita ngapi kwa mwaka? Ameandika?

2. Mkopo wa gari ukiombwa, tutataka kuona hesabu gani kabla ya kutia sahihi?

3. Fundi wa dizeli aliye karibu yuko umbali gani, na nauli ya kumleta ni ngapi?

4. Je, pesa za gari zingefanya kazi gani nyingine katika familia hiyo? Mama na watoto wameulizwa?