Nani Anaongea Kwenye Igizo Lenu?

Leo nataka tuhesabu maneno.

Marekani alikuwepo mtengeneza filamu aitwaye John Hughes, aliyefariki mwaka 2009. Filamu zake nyingi zilihusu vijana kama ninyi. Katika The Breakfast Club ya mwaka 1985, wanafunzi watano wanaadhibiwa kukaa shuleni Jumamosi nzima. Mmoja wao, Allison, anakaa kimya muda mrefu, wenzake wakibishana.

Maneno ya filamu huandikwa kwanza kwenye karatasi, kila mhusika na sehemu yake. Ukiyaingiza kwenye kompyuta, itakuhesabia nani kasema maneno mangapi. Mwaka 2016 Hanah Anderson na Matt Daniels walizihesabu hivyo filamu kama 2,000. Kumbe ni filamu 22 tu katika kila 100 ambamo mwanamke ndiye aliyeongea kuliko wote! Hata katika Mulan ya mwaka 1998, hadithi ya msichana shujaa, joka linalomlinda limeongea kumzidi.

Utasema, "Hayo yanatuhusu nini sisi wa Nyanungu?"

Chukueni igizo la klabu yenu kuhusu ukeketaji. Kalamu na daftari vinatosha. Baba kasema maneno mangapi? Mzee wa mila je? Ngariba? Na binti mwenyewe? Mkikuta kazi yake ni kulia tu, simameni hapo. Hesabu haisemi kwa nini amenyamaza. Waulizeni wasichana: anaogopa? Hakuna aliyemuuliza? Au hajui aseme nini, na kwa nani?

Kisha mwandikieni maneno. Kumkabili baba peke yake kunaweza kumponza, basi aanze na mtu anayemwamini: "Mwalimu, wanataka kunikeketa. Mimi sitaki. Nisaidie." Au aende dawati la jinsia na watoto polisi, au apige simu 116, ni bure. Ajue kwamba sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Ajue pia kwamba ukeketaji huleta kutokwa damu nyingi, maambukizi na taabu wakati wa kujifungua.

Na wewe mvulana usikae pembeni. Sema jukwaani, wazee wakisikia: "Mimi nitaoa msichana asiyekeketwa."

Likizo ya Desemba ikifika, maneno aliyoyazoea jukwaani hayatakuwa mageni mdomoni mwa binti. Haya, nani ana kalamu?