Kijani Chini ya Mgomba: Funika Udongo wa Mugunga

Hapa Mugunga udongo ni tabaka jembamba juu ya mawe ya volkeno. Mvua ikipiga ardhi tupu, huusomba udongo huo na kuacha mawe. Ndiyo maana ardhi iliyo kwenye kivuli cha migomba inahitaji mmea unaotambaa. Ulaya hutumia vinka, mmea wa kijani mwaka mzima ambao mashina yake hutoa mizizi yanapogusa ardhi. Sisi tunayo matembele, yaani majani ya viazi vitamu, yenye tabia hiyohiyo, tena ni mboga. Ua la vinka ya Madagaska, ingawa linapendeza, halifai hapa: hupenda jua na lina sumu. Lisipandwe mahali watoto wanapocheza.

Wapo watakaosema kivuli huharibu viazi. Ni kweli: penye giza viazi huwa vidogo. Lakini hapo tunatafuta majani na kinga ya udongo, basi panda penye kivuli chepesi. Wengine watasema mmea huo hunyang'anya mgomba chakula. Acha wazi duara kuzunguka shina, weka samadi, na uvune majani mara kwa mara. Karibu na nyumba fupisha matembele, nyoka wasijifiche.