Aina za Data Mpakani: Nafasi na Ukomo wa Programu-jalizi za Kompaila katika Kuunda Objekti Sahili

Mada ya semina ya wahadhiri na watayarishaji programu, Kakamega

1. Utangulizi na istilahi

Istilahi za mada zinafahamika kwa wengi wetu, hivyo nitazipitia kwa ufupi. Objekti sahili ni mkusanyiko wa majina na thamani zake. Aina ya data huamua ni thamani ipi inayokubalika mahali gani. Kompaila hukagua aina hizo kabla programu haijaendeshwa, na programu-jalizi huiongezea kompaila kazi ambayo haikuja nayo. Mfano ulio karibu nasi ni js-plain-objects ya Kotlin. Mtayarishaji hueleza umbo la objekti ya JavaScript kwa tamko moja, hulitia alama ya JsPlainObject, kisha programu-jalizi humzalishia njia ya kuiunda objekti hiyo na njia ya kuinakili. Akisahau sehemu ya lazima au akiweka maandishi penye namba, kompaila humkatalia papo hapo. Kabla ya hapo ilibidi aanze na objekti tupu na kuijaza bila ulinzi wowote. Haya ni maendeleo ya kweli, na ninayaunga mkono.

2. Tatizo lenyewe: data inayoingia

Kinachotutesa mwaka baada ya mwaka ni objekti tunazopokea, wala si tunazounda. Programu-jalizi hulinda uundaji tu. Data ikifika kutoka nje, mtayarishaji huitangaza kuwa ya aina fulani, na kompaila humwamini bila kuifungua. Tamko la umbo halibaki ndani ya JavaScript inayozalishwa, kwa hiyo wakati programu inaendeshwa hakuna cha kulinganisha nacho. Ni sawa na kituo cha forodha cha mpakani Busia kukagua malori yanayotoka na kuyafungulia njia yanayoingia.

Ushahidi uko katika kazi ambayo karibu kila mtayarishaji wa eneo hili hukutana nayo: kupokea malipo ya M-Pesa kwa niaba ya sacco, shule au kliniki, kupitia Daraja, kiolesura ambacho Safaricom ilikizindua mwaka 2017. Tuchukue sampuli zilizochapishwa katika hati zake. Ombi la kumtaka mteja aweke PIN likipokelewa, ResponseCode hurudi kama maandishi "0". Matokeo ya malipo yanapofuata, ResultCode ni namba 0. Katika ujumbe huo wa matokeo kiasi na simu ya mteja ni namba, ilhali katika ujumbe wa malipo ya Paybill, TransAmount ni maandishi. Tena maelezo ya malipo huja kama orodha ya jozi za Name na Value, na jozi ya Balance imewahi kuonyeshwa bila Value yoyote. Sitaji haya ili kulaumu taasisi. Mfumo wowote uliokua kwa miaka na kuhudumia lugha nyingi huwa na tofauti za namna hii. Ila athari zake ni nzito. Katika JavaScript, ulinganisho mkali wa 0 na "0" hutoa jibu la hapana, na malipo yaliyofaulu yanaweza kuandikwa kuwa hayakufaulu. Shilingi "10" za maandishi zikijumlishwa na 5 hutoa 105. Simu inayoanza na 07, ikihifadhiwa kama namba, hupoteza sifuri yake ya mwanzo. Hakuna hata moja kati ya makosa haya linalozuiwa na usalama wa aina ulio upande wa uundaji pekee.

3. Kujibu pingamizi

Wapo wasemao TypeScript imeshatatua jambo hili. Aina za TypeScript nazo hufutwa baada ya kompaila kumaliza kazi, hivyo mpaka ambapo data huingia unabaki wazi vilevile. Wengine husema majaribio yanatosha. Lakini mtu aliyeamini kuwa TransAmount ni namba ataandika jaribio lenye namba, nalo litapita. Wengine huhofia kwamba ukaguzi utachelewesha programu kwenye simu za bei nafuu. Ujumbe wa malipo una sehemu chache, na gharama ya kuzikagua ni ndogo mno ikilinganishwa na kumtafutia mwanachama pesa zisizoonekana. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba programu-jalizi hufungamana na toleo la kompaila, na kompaila ikibadilika inaweza kukwama. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu maelezo ya umbo la data yanapaswa kukaa nje ya lugha yoyote. Protocol Buffers, ambayo Google iliifungua kwa umma mwaka 2008, hufuata njia hiyo: maelezo huandikwa mara moja, na kompaila yake, pamoja na programu-jalizi, huzalisha msimbo wa kila lugha. Kanuni zake za JSON huandika namba nzima za biti 64 kama maandishi, kwa kuwa namba za kawaida za JavaScript hupoteza usahihi zikizidi 9,007,199,254,740,991. Waliotunga kanuni hizo waliuona mpaka na kuushughulikia.

4. Mapendekezo

1. Programu-jalizi za kuunda objekti zitumiwe, pamoja na ukaguzi wa data inayoingia.
2. Umbo la kila ujumbe lielezwe mara moja, mahali pamoja, nje ya lugha.
3. Msimbo wa seva, simu na kivinjari uzalishwe kutoka kwenye maelezo hayo.
4. Nambari za simu na vitambulisho zihifadhiwe kama maandishi.
5. Ujumbe usiolingana na maelezo uhifadhiwe kama ulivyofika na kuripotiwa, usitupwe.
6. Majaribio yatumie ujumbe halisi uliofichwa utambulisho wa wateja.
7. Matoleo ya kompaila na programu-jalizi yapandishwe pamoja.
8. Zabuni za mifumo ya umma zidai maelezo ya data kama sehemu ya kazi inayokabidhiwa.
9. Vyuo vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, vifundishe ukaguzi wa mpakani sambamba na aina za data.
10. Narudia, kwa kuwa ndilo kuu: data inayoingia ikaguliwe kabla ya kuaminiwa. Likitekelezwa hili pekee, semina hii itakuwa imewafaa wanaotutegemea tuhesabu pesa zao sawasawa.